Uligonga Kioo, Sikusikia

Na hayo maneno yako ya jana kwa simu, Mutua mpenzi wangu, kwamba nisilikasirikie jengo kwa sababu jengo halina moyo, nimeyakataa. Nimelikasirikia. Nalikasirikia nikipepeta pojo, nikifua, hata nikiimba kanisani.

Unakumbuka ulivyolisifu kabla ya harusi? Tulikuwa tumekaa nje kwa mama yako hapa Kambu, ukapanga mikebe ya mafuta ya kupikia, mmoja juu ya mwingine, mpaka kuku wakakimbia. "Huu wa chini ni mapokezi," ukasema. "Hii ya katikati ni ofisi za mawakili na watu wa bima. Huku juu kabisa ni mkahawa wa wakubwa. Na lifti zikikwama, Mwende, ni mimi huitwa." Nilikutazama ukishikilia ule mnara wako usianguke, nikajiambia kwamba huyu hata angekuwa fundi wa mikokoteni ya punda ningemfuata. Ukaahidi kunipandisha hadi juu tutazame upande wa nyumbani, tubishane kilima chetu ni kipi.

Basi baada ya harusi nikaja mjini, kazini kwako. Nilikupikia muthokoi, mahindi yale ya kukoboa, mpaka yakalainika kama siagi, nikaukaanga na kuku wa kienyeji, nikatia ndani ya kiondo alichonisukia mama yangu. Kwetu unajua sheria ya kiondo hicho. Chakula cha kwanza cha bibi arusi kikiliwa, mume huweka humo zawadi yake, hata iwe ndogo vipi. Kiondo kikirudi na chakula kilekile, mume amemkataa mke.

Jengo lako lina maji yanayotiririka ukutani, hayanywewi wala hayafuliwi nguo. Nilifikiria akina mama wa kwetu wakichimba mchanga mtoni watafute maji. Ukumbi wote ule hauna hata kiti kimoja cha mgeni. Msichana wa mapokezi akaniambia, "Madam, chakula cha nje hakiruhusiwi." Nikamwambia mume wangu anafanya kazi hapa, ni fundi wa lifti. Askari akacheka kidogo. "Mama, mafundi hawapitii huku. Ngojea nje."

Nikangojea nje, simu imeisha chaji. Hakuna kivuli. Mbele yangu ukuta mzima wa kioo cheusi, na ndani yake nilijiona mimi tu. Kwa kuwa nilijua utatokea wakati wowote, nikajipanga. Nikafunga kitambaa cha kichwa upya, nikapangusa vumbi la safari, nikajaribu lile tabasamu ulilosema lilikuangusha. Jua likageuka. Hukutokea. Nikabeba kiondo changu kizito nikarudi.

Jioni ukapiga simu. "Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Nilikuwa upande wa pili wa kioo. Ulikuwa unafunga kitambaa. Nikagonga mpaka wenzangu wakanicheka, wakasema, fundi, huyo amekuja kujiona yeye, si wewe."

"Na mbona hukutoka?"

"Kadi yangu haifungui mlango wa mbele. Nilishuka chini kabisa, nikatokea nyuma kwenye mapipa ya taka, nikazunguka mbio. Ulikuwa umeenda. Ndivyo jengo lilivyochorwa, mpenzi."

Basi aliyelichora hana mke! Mtu aliyeoa hawezi kuweka kioo ambacho kwacho mume anamwona mke wake na mke hamwoni. Eti madirisha hayafunguki hata moja. Ungefungua dirisha upana wa kidole kimoja tu, ungeniita, ningesikia. Sauti yako naijua hata katikati ya malori ya Mtito Andei. Na wewe, unayewainua hao wote hadi orofa zao, unatolewa kando ya mapipa? Hapo ndipo damu inaponichemka.

Mama yako alifungua kiondo, akaona kuku hajaguswa. Akakaa chini. "Mwanangu amekataa chakula chako?" Nilimweleza habari ya kioo mara mbili. Alisikiliza, akasema, "Nyumba gani haina mlango?" Tangu siku hiyo ananihurumia, na hilo linaniuma kuliko matusi. Kanisani wanawake wamenishika mkono muda mrefu kupita kiasi. Mimi, mwanamke mwenye furaha kuliko wote Makueni, ninaombewa ndoa isivunjike!

Kwa hivyo sikiliza. Sitangojea mbele ya kile kioo tena, na chakula changu hakiliwi kando ya mapipa. Saa ya chakula utatokea huko nyuma, utazunguka bila mbio, uje kwenye ngazi za mbele zinazoshuka barabarani. Tutakaa hapo. Walio ndani watatuona vizuri, kioo ni chao. Ukimaliza kula, usitafute zawadi. Vua shati la kazi, lenye grisi hivyo hivyo, uliweke ndani ya kiondo nije nikufulie. Mama yako akilishika atajua hukunikataa.

Kuku nimeshamchagua. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mkeo ambaye bado anajifunga kitambaa kwa ajili yako,
Mwende