Wafula na joka la kiwandani

Jumapili, alasiri. Hapa mtaani Kiuu kuna manyunyu tangu asubuhi na nguo hazikauki. Sikwenda kanisani. Nimeshinda na simu nikitafuta asili ya neno moja.

Wafula hutia kuni kwenye boila ya kiwanda chetu kule Thika, tanuri kubwa la kuchemshia maji, na boila yenyewe huiita joka. Wiki jana alinikuta nimesimama mlangoni, siingii, akanicheka.

"Karani, wewe unaogopa hata moto wa kiberiti! Na si umesoma? Haya niambie, hili jina joka lilitoka wapi?"

Nilimwahidi jibu. Leo ninalo. Kwetu ni nyoka tu aliyekuzwa hadi akatisha. Jina la Kizungu, dragon, lilitoka kwa Wagiriki wa kale, na wasomi wengi hulihusisha na kitenzi cha kuona: mnyama mwenye jicho kali. Moto wa mdomoni ulizidi kuongezwa na wasimulizi wa baadaye.

Siwezi kumpelekea.

Alhamisi Wafula alifungua mlango wa tanuri, moto ukamrukia usoni. Yuko hospitali, macho yamefungwa bendeji. Mke wake amefika kutoka Bungoma na hajui aulize nani.

Aniulize mimi. Bomba la moshi lilikuwa limeziba kwa masizi. Kazi yangu ni kulikagua kila asubuhi kisha kutia tiki kitabuni. Mimi hutia tiki za wiki nzima Jumatatu, nikiwa mezani na chai yangu. Ndivyo alivyonifundisha karani niliyempokea kazi, naye alifundishwa hivyohivyo. Kwa hiyo Wafula anaungua Alhamisi, na kitabu kinasema Jumamosi bomba liko safi.

Supavaiza ameziona hizo tiki. Jana alinipigia simu, mpole kama mama yangu. "Andika huo ukurasa upya, uishie Alhamisi. Jumatatu saa mbili tunaweka sahihi. Wafula alikuwa mzembe, basi. Sawa, mpenzi?"

Nikasema sawa.

Nikiandika, Wafula anafukuzwa akiwa bado kitandani. Nikikataa, ninafukuzwa mimi, na pengine polisi wananijia. Nimejaribu kuomba. Ninachopata ni woga tu.

Karatasi mpya iko hapa. Jumatatu nimetia tiki. Jumanne nimetia. Jumatano nimetia.

Alhamisi niandike nini?