Nilimwambia Bibi wa Afya, Humu Hamna

Mpendwa Bi Zaina,

Shikamoo. Naomba msaada wako, dada yangu, maana nimefika mahali sina wa kumwambia, na nikisema sina wa kumwambia usidhani sina ndugu, ninao tele, na ndio hao hao ninaowaogopa. Mimi ni mke wa mshona kanzu hapa Bagamoyo na nina binti ambaye nitamwita Kibibi ingawa silo jina lake. Alikuwa anasoma skuli ya wasichana, akavunja ungo, tukamtia ndani kama tulivyotiwa sisi na mama zetu, akae chumba cha ndani hata ami yake aje kutoka Pangani, mwali achezwe ngoma kisha aolewe na mtoto wa ami yake huyo, lakini ami hakuja, akasema mwakani, na mwaka ulipofika akasema tena mwakani, na Kibibi yumo ndani tu, anashona kofia na kuwasikia wenzake wakipita nje asubuhi kwenda skuli.

Siku moja nilikuwa namsuka, mkono wa gauni ukapanda, nikaona michanjo mkononi mwake, mingine imepona mingine bado, na mimi Bi Zaina sikushtuka hata kidogo, nilikasirika, kwa sababu nilidhani ni chale. Mkwe wangu, mama wa mume wangu, ni mtu wa Miono, anaamini sana waganga, na wakati ule alikuwa anakaa kwetu, basi nikasema moyoni huyu bibi kaniona nimekwenda mazikoni Kaole akamwingiza mganga nyumbani mwangu, mjukuu wake kachanjwa chale za kinga na mimi niliyemzaa sikuulizwa. Nikanyamaza, maana mkwe haulizwi. Nikawa namwamkia, namwandalia chakula chake, na moyoni nimenuna.

Kisha mkwe wangu akaenda kwao Miono kwenye msiba wa nduguye akakaa huko, na yeye hayupo, na mganga hakuna aliyekanyaga kwangu, nikaona michanjo mipya. Hapo ndipo nilipojua si kazi ya mganga. Nikamwuliza, "Kibibi, nani kakuchanja?" Akasema, "Ni mimi mwenyewe, mama. Kifua kinanibana, nikifanya hivi kinaachia kidogo. Usimwambie baba." Nikamwambia afunike mkono, nikaenda jikoni kulia.

Mkwe aliporudi nikajitia ujasiri nikamwuliza, "Mama, zile chale za Kibibi za mwanzo, nani alimchanja?" Akanitazama kama nimepagawa. "Mimi? Mimi nilidhani wewe, mwanangu! Nikaziona, nikasema mwenye mtoto kaamua, nikinena nitaambiwa naingilia nyumba ya watu." Kumbe sote wawili tuliziona, tukanuniana, na mtoto yuko katikati yetu anaendelea. Hata hapo sikumwambia kweli, nilishikwa na haya, nikasema basi labda ni pepo ndio wanaomfanya, na yeye akaamini upesi, sasa amemwita mganga kutoka Lugoba, mwezi ukiandama aje ampunge na kumchanja, na mume wangu amekubali.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jingine. Alikuja bibi wa afya, yule anayepita nyumba kwa nyumba kutazama watoto wachanga na visima, safari hii akawa na maswali mengine, akasema kuna madaktari Dar es Salaam wanataka kujua habari za vijana, wasiolala, wasiokula, wanaojiumiza wenyewe, kwa kuwa hakuna ajuaye ni wangapi wala wasaidiweje, na akauliza kwa adabu kama humu mwangu yumo kijana wa namna hiyo. Nikamwambia, "Humu hamna, bibi. Sisi hatuna mtoto wa namna hiyo." Na Kibibi alikuwa nyuma ya pazia. Alinisikia.

Jioni ile hakula. Nilipomtolea sahani akaniuliza, taratibu tu, kama anauliza habari ya mboga, "Mama, mtu akijitoa roho mwenyewe, huoshwa na kuswaliwa kama watu wengine?" Nikamkemea, nikamwambia nyamaza usinitie mkosi. Akanyamaza. Tangu siku hiyo amenyamaza kweli, na ukimya wake unanitisha kuliko ile michanjo. Nikiamka kwa swala ya alfajiri nasimama kwanza mlangoni pake nisikilize kama anapumua ndipo niende nikatawadhe.

Bi Zaina, nikimpeleka hospitali nasikia wenye maradhi ya akili husafirishwa Dodoma na wengine hawarudi, nasikia tena ajitakiaye kufa hushtakiwa na polisi, na ami yake akisikia posa itavunjika na mji mzima utatusema kwamba sisi ni ukoo wa wenda wazimu. Nisipompeleka naogopa kulitamka. Nifanye nini?

Mama Kibibi, Bagamoyo

*

Bi Zaina anajibu:

Marahaba, Mama Kibibi. Barua yako nimeisoma mara moja tu, nikamwomba mhariri aitangulize mbele ya wale wanaogombana na mawifi zao. Wao watangoja. Wewe huna nafasi ya kungoja, kwa hiyo nitasema haraka, na pengine yatakuuma.

Kwanza nikupe pole, na pole yangu ni ya kweli. Kumwona mtoto wako hivyo na kuendelea kupika, kufua na kuwaamkia wakubwa si kazi ndogo. Pole imekwisha, sasa nakugombeza.

Umeniandikia atasema nini ami, atasema nini mkwe, mume, polisi, na mji mzima wa Bagamoyo. Barua nzima nimetafuta mahali ulipomwuliza mwanao ana nini, sikupaona. Ulimwuliza nani kakuchanja. Akakujibu, tena jibu la mtu mzima: kifua kinambana. Ukamwambia afunike mkono! Mama, mtoto alikufunulia, wewe ukafunika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba yenu mmeficha hata ninyi kwa ninyi. Wewe na mkwe wako mmeheshimiana mpaka mtoto akakosa wa kumwona. Hiyo si heshima, ni woga uliovishwa kanga mpya.

Nimezungumza na mwuguzi mmoja anayefanya kazi hiyo ya kuuliza vijana, sikumtajia mji wala jina. Ameniambia karibu kila nyumba aliyobisha hodi amejibiwa kama wewe ulivyomjibu mwenzake. Akicheka kwa uchungu alisema, "Bi Zaina, kwa hesabu zangu pwani hii hakuna kijana mwenye huzuni hata mmoja." Kisha akaacha kucheka. Aliniambia wengi wa hao wanaojiumiza hawafanyi kwa kutaka kufa, wanatafuta unafuu, na unafuu wenyewe haukai, ndiyo maana wanarudia. Lakini wengine hufika kwenye kutaka kufa, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwapambanua. Dawa ya kupambanua ni kuuliza.

Na Kibibi wako amekwisha kukuuliza yeye. Lile la kuoshwa na kuswaliwa halikuwa swali la dini, mama. Alikuwa anakwambia alipo, na ukamkemea. Sikulaumu kwa kutishika, hata mimi nilipolisoma niliiweka barua chini kwanza. Nakulaumu kwa kuishia hapo.

Basi leo utafanya hivi. Utaingia chumbani mwake ukae chini, mkekani, si mlangoni. Utamwuliza kwa maneno yaliyo wazi: mwanangu, unataka kufa? Usiogope kwamba utamtia wazo. Mwuguzi yule amenihakikishia kuuliza hakumpandikizii mtu asichokuwa nacho, na mara nyingi anayeulizwa hupumua. Akisema ndiyo, usilie juu yake wala usimpe mawaidha. Mwambie umesikia, mwambie ulikosea uliposema kwa bibi wa afya kwamba huna mtoto wa namna hiyo, na kwamba hutamwacha peke yake. Kisha usimwache kweli. Mlale chumba kimoja. Kila kitu cha kuumizia ndani ya nyumba, pamoja na vyombo vya kazi vya baba yake, kiondolewe na kutiwa kufuli, kimya kimya, bila kelele na bila kumpekua kama mwizi.

Alisema usimwambie baba. Siri hii utamvunjia, na utamwambia yeye kwanza kwamba unamvunjia na kwa nini. Mumeo na mkwe wako waambie leo kweli yote, bila pepo ndani yake. Mkwe wako usimdharau. Mwanamke aliyeogopa kuingilia nyumba ya watu anaweza kuwa mlinzi mzuri akiitwa ndani. Mganga wa Lugoba atumiwe salamu asije. Dua someni, haikukatazwa, lakini mtoto anayejichanja hatibiwi kwa kuchanjwa zaidi.

Na kesho asubuhi mnampeleka kwa daktari wa serikali, wewe na baba yake wote wawili, na mtamwambia yote, hata lile swali. Ukiona leo usiku hali imechafuka usingoje kesho. Dodoma unayoiogopa si kila mgonjwa hupelekwa, na kumpeleka mtoto kutibiwa si kumshtaki. Siwezi kukuapia daktari atasema nini. Maradhi haya ya vijana, madaktari wenyewe ndiyo kwanza wanajifunza, ndiyo maana wanapita kuuliza. Lakini daktari anayejifunza ni bora kuliko mlango uliofungwa. Bibi wa afya naye mtafute mumweleze, atakusaidieni mkirudi nyumbani, maana maradhi haya hayaponi kwa safari moja.

Sasa hili la kutiwa ndani. Sisemi ndilo lililomtia ugonjwa. Wengi wetu tulikaa ndani tukatoka salama, na wengine tulitoka hatuko salama tukanyamaza. Mimi sijui, nawe hujui. Anayejua ni yeye. Ila mwali haozi kwa kuota jua uani na mama yake, na akitaka kurudi skuli, msikilizeni kabla hamjamwandikia ami. Posa ikivunjika itakuja nyingine. Sina haja ya kukumalizia maneno hayo.

Nakuombea kwa Mungu, na kwa jambo hili nimetoka kuomba sasa hivi. Lakini mimi niko mbali, ni mwanamke wa gazetini tu, na maneno yangu hayawezi kumshika mtu mkono. Uko umbali wa pazia moja na mwanao, na bado unanisoma mimi. Liweke gazeti chini, mama. Ingia.