Upande wa Farasi

Mto Onon, mwanzo wa kiangazi, Mwaka wa Sungura

Mdogo wangu Oronar,

Salamu nyingi. Farasi wako wamenona? Mgongo umepona? Huku wote wazima.

Natangaza mbele ya Mbingu ya Milele na watu wote waishio kwenye mahema kwamba mbuzi wako mwenye pembe moja amejifungua mapacha. Mimi, mtu mzima mwenye kitambi, nilipewa heshima ya kumshika. Akanipiga teke, nikakalia ndoo ya maziwa ya farasi. Mkeo Altagana alicheka mpaka akakaa chini. Anakusalimu.

Mwandiko wangu usiucheke. Mateka wa kabila la Uighuri anayenifundisha kuandika anasema herufi zangu zinatembea kama ngamia walevi. Lakini kambini msomaji ni mimi peke yangu, nani atabisha?

Siku ile ya kupiga kura huwa naikumbuka. Amri ilikuwa kila mahema kumi yatoe askari mmoja, na katika kumi letu tukabaki mimi na wewe wa kuchaguliwa. Tulibadilishana mifupa ya vifundo vya kondoo, kama ndugu wa kiapo wafanyavyo, kisha tukarusha. Ule niliokupa ukaangukia upande uitwao farasi, upande wa kwenda vitani, nawe ukaenda. Ndiyo bahati. Wa kwako ulionipa ninao shingoni.

Kaka yako wa kiapo,
Hadagi

*

Karibu na Samarkandi, vuli, Mwaka wa Joka

Kaka Hadagi, shikamoo.

Hamjambo? Mifugo haijambo? Mimi mzima, ila sikio moja limebaki kwenye ukuta wa mji fulani.

Karani wetu alitusomea barua yako, na ndiye ananiandikia hii. Wenzangu wakasema, "Huyo mzee aje huku na ndoo yake, tumkalishe mbele ya lango, mji utajisalimisha kwa kucheka!" Tulikuwa kumi, tumebaki sita.

Sasa sikiliza, kaka. Wenye wake wameruhusiwa kuwaita. Msafara wa mikokoteni utaondoka huko kabla barafu haijayeyuka. Mwambie Altagana apande. Asipokuja nitahesabiwa mtu asiye na nyumba, niozeshwe mke wa hukuhuku, nibaki kulinda ngome hii maisha. Msomee mara mbili, asije akasema hakusikia.

Mfupa wako ninao, nalala nao.

Mdogo wako,
Oronar

*

Samarkandi, majira ya majani mapya, Mwaka wa Nyoka

Hadagi,

Msafara umefika. Mikokoteni arobaini. Nimechungulia yote.

Nikanywa, nikacheza mifupa na wenzangu. Mfupa wako ukaangukia upande wa farasi mara kumi na moja mfululizo. Mmoja akasema, "Huu una shetani, au una fundi." Tukaupasua. Ndani kuna risasi, yale madini mazito, iliyoyeyushwa ikamiminwa.

Nakurudishia nusu. Altagana alisema nini?

Oronar

*

Mto Onon, mwisho wa kiangazi, Mwaka wa Nyoka

Oronar,

Nikuitaje, sijui.

Niliogopa vita. Hakuna sababu nyingine nzuri zaidi, nimeitafuta. Nilitoboa mfupa nyuma ya mkokoteni, nikamimina risasi, nikaziba kwa gundi ya ngozi. Tulipobadilishana ulinikumbatia, ukaniambia, "Ukienda wewe, kaka, nitalia." Nikakuachia urushe.

Altagana hakusema kitu, kwa sababu hakuambiwa kitu. Hema lako likihama, mahema yanahesabiwa upya, wewe huhesabiwi tena askari wetu, tunadaiwa mwingine, na zamu inakuwa yangu. Aliponiuliza umeandika nini, nilimwambia unaulizia mbuzi. Alisimama akatazama msafara ukipita, akasema, "Angalau anamkumbuka mbuzi."

Juzi nilifungua barua yako mbele yake, nusu ya mfupa ikadondoka. "Hadagi, hiki nini?" Nikamsomea zote, toka ya kwanza. Hakunipiga. Alisema, "Soma tena." Nikasoma mara tatu. Kisha akanivua mfupa wako shingoni: "Huu si wako."

Sasa hivi anabomoa hema na kaka zake. Barua hii anaibeba yeye. Kesho mahema yatahesabiwa, yatakuwa tisa yasiyo na askari, na farasi wangu nimeshamtandika. Bado naogopa.

Kama karani anakusomea haya, basi amefika. Salamu zile za mwanzo, kwamba anakusalimu, nilizitunga mimi. Muulize za kwake.

Hadagi