Kodi ya Barabara Nimelipa

Isiolo, Alhamisi, 1967

Ijulikane kwa wote, mbuzi wa jirani wakiwemo, kwamba leo gari langu limebandikwa karatasi ya kodi ya barabara kwenye kioo.

Gari lenyewe lilizeekea Aden kabla sijaliagiza. Ushuru wa forodha, usajili, namba, sasa kodi: serikali imekula kuliko aliyeniuzia. Inachefua. Nililipa tu ili nimtoe mama kule Kinna kabla vita vya mashifta havijamfikia.

Jioni nikalipeleka kwa sajenti wa msafara, maana siku hizi hakuna gari linalotoka mjini bila askari. Akalipiga gurudumu teke.

“Mzee, hii ikikwama porini nani atasukuma?”

“Kodi nimelipa, afande.”

“Basi endesha mpaka sokoni, urudi. Msafarani haiingii.”

Nimeendesha mpaka sokoni, nikarudi. Mama bado yuko Kinna.