Mahali pa Kuitikia

Palma, Jumanne

Na bado Anselmo, mwenzangu wa ofisini, ananiambia, "Maneno yote si yapo, dada?"

Yapo. Lakini nyimbo za harusi anazoimba shangazi nilizipanga mstari kwa mstari, nikaacha nafasi pale wanawake wanapoitikia. Yeye akazipitisha kwenye programu ya kusahihisha tahajia bila kuniuliza. Ikazisoma, ikaziandika upya, ikazibandika zote pamoja, zile nafasi zikapotea. Akahifadhi juu ya faili langu. La mwanzo halipo tena.

Nimempigia shangazi, yuko Quionga, nikamsomea. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo hotuba, si wimbo."

Nikamwomba anionyeshe wanaitikia wapi. Akaanza kuimba, kikohozi kikamkatiza kwenye mstari wa pili.

Nilibaki na simu sikioni, nikimsikiliza akitafuta pumzi, nikimchukia Anselmo.