Wavu wa Shemeji Ukutani

Mdogo wangu mpendwa,

Anayekuandikia ni mimi kaka yako, miaka themanini na mitatu kamili, niliyezika boti tatu, madaktari wawili walionikataza tumbaku, meno yangu yote isipokuwa mawili, na mumeo pia, Mungu amrehemu. Bado natembea bila fimbo. Salamu nyingi sana. Hali yako vipi, na lile goti je? Wapwa zangu hawajambo? Huku sote wazima, ila mkwe wangu ananinyima chumvi.

Mwandiko huu uvumilie. Shule niliiacha darasa la pili, tena niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Ningeweza kumwambia mjukuu aniandikie, lakini ukifika chini utaona kwa nini nimejikaza peke yangu siku tatu.

Jumamosi niliwapeleka wajukuu kwenye yale makumbusho ya uvuvi waliyoyafungua pale lilipokuwa ghala la barafu. Vyumba viwili tu, vimepakwa rangi nyeupe, na bado vinanuka samaki. Nilikwenda na yule mkubwa wa miaka kumi na mmoja, anayesoma kila kibao hata cha chooni, na mdogo wake tunayemwita Kiroboto. Njia nzima niliwaambia kwamba humo ndani watamkuta babu yao kila ukuta, maana nani mji huu alivua kama mimi?

Basi tukaingia. Wa kwanza kutupokea ni mumeo. Picha kubwa kama mlango, anacheka, kofia upande. Chumba cha pili, mumeo tena, na sindano zake za kufumia nyavu zimelazwa kwenye sanduku la kioo utadhani dhahabu. Nikatafuta picha yangu mpaka shingo ikauma. Nikaona moja, ya kiwiko. Mjukuu mkubwa akabisha kwamba si changu, lakini kiwiko changu nakijua. Kiroboto akamwuliza binti mtunza makumbusho kama babu naye alikuwa mvuvi au alikuwa mbeba barafu. Kisha akamvuta mkono mpaka kwenye ile picha kubwa, akajigamba kwamba huyo pia ni babu yao, tena ndiye babu hodari. Na mimi nimesimama hapo hapo, nimemshikia sweta lake!

Sikufichi, mdogo wangu, niliungua. Mtu amekufa mwaka wa sita huu na bado ananipita.

Ukuta wa mwisho wametundika ule wavu wake maarufu, wenye kiraka kikubwa kama meza. Mjukuu akasoma kibao, kwamba wavu huu ulipasuliwa na samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kufika hapa, na mwenyewe akaushona kwa siku mbili. Hadithi hiyo umeisikia ndoa yako yote. Watoto wakaduwaa. Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema kwa sauti, chumba kizima kisikie, kwamba huo ni uongo mtupu. Nikawaonyesha pembeni mwa kiraka, mahali nyuzi za zamani zimeachwa hazikupunguzwa. Samaki akipasua, nikawafundisha, uzi hunyooka kwanza, kifundo hukaza, na kila uzi hukatikia mahali pake. Hizi zote zimeishia mstari mmoja. Hicho ni kisu, nikasema, tena kimenolewa na mtu anayejua kunoa. Nilijisikia mwalimu mkuu.

Mjukuu mkubwa akaniuliza, sasa nani aliukata?

Nikakohoa. Yule binti akanijibia bila kujua. Akasema mzee alipouleta wavu, mwaka mmoja kabla hajafa, alimsihi wasizipunguze nyuzi hizo hata kidogo. Naye binti akamwuliza mzee yule samaki aliishia wapi. Mzee akacheka, akamwambia alimwachia makusudi, kwa sababu alikuwa samaki wa nyumbani, na baba mkwe angemjua angemla mbichi. Binti alidhani ni utani wa wazee. Mimi nikatafuta benchi.

Mdogo wangu, samaki huyo ni mimi.

Mwaka ule mlipooana, baba alisimama mbele ya wavuvi wote akasema wavu wa mkwewe umeushinda wa mwanawe. Mimi, niliyefuma nyavu tangu sina ndevu! Mchana, watu walipokwenda kula, wavu ukiwa umeanikwa nyuma ya ghala hilo hilo, nikautia kisu changu cha kuparia samaki, mara tatu. Unamkumbuka baba. Angejua, nisingelala nyumbani tena. Mumeo akaja, akazishika nyuzi, kisha akawaambia watu kwamba ni samaki. Halafu akaniomba mimi nimshikie upande mmoja ashone. Nikamshikia siku mbili, nikimcheka moyoni kwamba hajui kutofautisha jino la samaki na kisu. Miaka hamsini na nne nimemwita mwongo mezani kwako, naye ananiongezea mchuzi. Kila mwaka samaki akakua, na jina la mumeo likakua naye, kwa kisu changu mwenyewe.

Hata kwa kunisitiri kanishinda. Na hilo nalo namwonea wivu.

Watoto nimewaambia kwamba nilikosea, kumbe ni samaki kweli. Kiroboto kakubali. Mkubwa ananitazama tu.

Nisamehe wewe, maana yeye nimechelewa kumwomba. Kisu nakutumia pamoja na barua hii, nimekifunga kwa gazeti, angalia, bado kinakata. Ukiona vyema, mpe yule binti akiweke chini ya wavu, aandike ni cha nani na kilifanya nini. Ukiona vibaya, katia vitunguu, sitauliza. Ila kikiwekwa, herufi za jina langu ziwe kubwa sawa na za mumeo.

Wasalimie wapwa zangu, na goti ulikande. Ukidhani uzee umenichanganya, mwulize yule binti, au mjukuu wangu mkubwa aliyezihesabu nyuzi moja moja, arobaini na moja, zote urefu mmoja. Shahidi mwingine alikuwa mumeo, na yeye kaninyamazia mpaka kaburini.

Ni mimi kaka yako,
mwenye kile kiwiko.