Jiko Nililokuchorea

Eldoret

Kwa mke wangu Dorika,

Nakusalimu wewe na mtoto, na mama pia hapo jikoni kwake. Kifua cha mtoto kimepona? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inachemka, na kwa kuwa mwalimu wa kanisa ndiye atakusomea, namwomba asome yote asiruke.

Lile jumba la michezo la Waafrika halijengwi tena.

Nilikueleza jinsi bwana wangu, mkandarasi, alivyonipa kazi ya kulichora. Alisema mimi nawajua watu wangu. Nikafurahi kama mjinga. Kila jioni nilizunguka lokesheni, mtaa tuliotengewa Waafrika, nikiwauliza watu wanataka nini. Wachezaji wa mpira walitaka chumba cha kubadilishia nguo chenye maji, maana wanaoga mtoni Sosiani na baridi ya huku inauma. Wanawake wachache walioko walitaka baraza yenye paa wakae na watoto wakitazama mchezo. Yote niliyachora. Nyuma nikaweka nyumba ya mtunza jumba, vyumba viwili na jiko, kwa sababu bwana aliniahidi nitakaa humo na familia. Hapa ninapolala tumejazana wanaume watupu, na hakuna anayeruhusiwa kuleta mke.

Dorika, tangu nikuoe unapika kwenye mafiga ya mama. Sijapata kukaa nyumbani nikujengee jiko, na kwa desturi yetu, bila jiko mama hawezi kukupa mafiga yako. Ndiyo maana nilichora jiko hilo kwa mkono mtulivu kuliko kazi yote, na ndani yake nikaweka mafiga, miduara mitatu.

Wiki jana bwana alirudi kutoka mkutanoni. Kamati ya Wazungu imekata shauri kwamba mbao za jumba letu zilizoletwa kutoka Ainabkoi zijenge banda la farasi wao wa mashindano. Ramani ni ile ile, hawataki kuchelewa. Vyumba vya wachezaji vitalala farasi, na maji yatabaki, maana farasi lazima aoshwe akitoka kukimbia. Baraza itawekwa majani makavu. Jikoni watatundika matandiko ya kupandia farasi. Kazi yangu ni kupanua milango tu.

Bwana aliinama juu ya meza akaweka kidole.

"Hii duara tatu iko nini?"

"Mafiga, bwana. Ya bibi yangu."

"Futa. Farasi hapana pika."

Akacheka, akaenda kunywa chai. Nikachukua raba nikafuta. Ningekataa, kesho yake mtu mwingine angekalia kiti changu. Lakini nakuambia wazi nina chuki, nayo haipungui hata nikisali.

Kwa hiyo fungua mizigo. Wale kuku uliowagawa, omba urudishiwe, hata kama ni aibu. Panda mahindi kama kawaida.

Nisalimie mama, na umwambie asikulaumu wewe. Msalimie ndugu yangu anayetulimia, na shangazi yako aliyetushonea mapazia. Ayaweke tu.

Uliuliza kama jiko litakuwa na dirisha. Lipo, linaelekea mtoni. Hilo bwana hakuniambia nilifute. Anasema ngozi ya matandiko inahitaji hewa.

Mumeo anayekukosa,
Ezekieli